Aliyemzulia mama yetu kifo cha mwanawe ili kumtesa moyo, anaweza kudaiwa fidia?

Binti wa Langoni, Lamu

Assalamu alaikum. Naandika kutoka Lamu nikiomba mwongozo wa wenye elimu ya sheria, kwa sababu jambo lililotufika nyumbani limetuvuruga sote na kila ninayemweleza ananiambia lake.

Mama yetu ni mjane anayejipatia riziki kwa kushona kofia za mkono, na mimi ni bintiye mkubwa. Kwa muda mrefu amekuwa akizozana na bwana mmoja wa mtaani kuhusu mpaka wa shamba la minazi tuliloachiwa na marehemu baba. Katika msimu wa kusi uliopita ndugu yangu alikuwa amesafiri kwa mashua kwenda kuvua kamba upande wa Kizingitini, na simu yake haikuwa ikipatikana. Alasiri moja bwana huyo alikuja hadi mlangoni, akamkuta mama ameketi dakani na kofia mkononi, akamwambia kwa upole kabisa kwamba amezungumza na mabaharia waliopitia Mkanda, kwamba mashua imepinduka, na kwamba maiti ya mwanawe imefikishwa Mokowe. Akamwambia achukue shuka nyeupe, kwa sababu waliomwopoa hawakuwa na kitu cha kumsitiri. Yote yalikuwa uongo mtupu. Ndugu yangu alikuwa mzima, na mashua haikuwa imepatwa na lolote.

Mama aliinuka kwenda kuitafuta hiyo shuka, akaanguka kabla hajavuka kizingiti. Alilazwa hospitalini kwa sababu shinikizo la damu, ambalo alikuwa nalo tangu zamani lakini likidhibitiwa na dawa, lilipanda ghafla. Wakati huo sisi tulikuwa tumekodi boti kwenda Mokowe kuipokea maiti, na tulipoikosa tukaendelea hadi Pate kuulizia. Tangu siku hiyo mama si yule tunayemjua. Hulala kidogo, hushtuka simu ikilia, humpigia ndugu yangu kila mara kumuuliza yu wapi, na mikono humtetemeka hata sindano humponyoka, kwa hiyo kazi yake ya kofia imesimama.

Bwana huyo anasema alikuwa akifanya mzaha. Lakini rafiki yake mmoja ametuletea ujumbe wa sauti aliotumiwa na bwana huyo usiku uleule, ambamo anasikika akisema kwamba alitaka mama "aonje uchungu" ili aache ukaidi wa shamba. Tumeripoti polisi. Ninalotaka kujua ni hili: hakumpiga, hakumtukana, wala hakumchafulia jina. Je, sheria ya Kenya inamwezesha mama kudai fidia kwa kuumizwa moyo kwa makusudi? Tuende kwa Kadhi au mahakama gani? Na majirani walioisambaza habari hiyo katika kundi la WhatsApp la mtaa, nao tunaweza kuwadai?

Wakili wa Mwambao, Malindi

Wa alaikum salaam dada, na pole nyingi kwako na kwa mama. Nakujibu kwa urefu kwa sababu kisa chenu kinakaribia kuwa sawa na kesi ambayo ndiyo mzizi wa sehemu hii ya sheria, na ukiielewa kesi hiyo utaelewa pia nini kinachotakiwa kwenu.

Mjini London kulikuwa na mwanamke aliyeitwa Lavinia Wilkinson, ambaye mumewe alikuwa na baa. Siku moja mume alikwenda kutazama mashindano ya farasi, na mteja mmoja, Downton, akamwendea mke na kumwambia kwamba mumewe ameumia katika ajali, amevunjika miguu yote miwili, amelala mahali fulani Leytonstone, na kwamba aende upesi na mito miwili ya kumletea nyumbani. Ilikuwa uongo, na Downton mwenyewe alidai kuwa ni mzaha. Bi Wilkinson alipatwa na mshtuko mkubwa, akatapika, akaugua kwa wiki kadhaa, na kwa wakati fulani ilihofiwa kwamba atapoteza akili. Mwezi Mei 1897 Jaji Wright aliamua kwamba mtu anayefanya kwa makusudi kitendo ambacho kwa hali yake kitamdhuru mwenzake mwilini, naye hana haki ya kukifanya, anawajibika kulipa. Mama huyo alipewa pauni 100 kwa mshtuko, na pamoja nazo shilingi 1 na peni 10 na nusu za nauli ya treni ya watu waliotumwa kumfuata mume.

Jaji huyo hakuwa na njia rahisi. Mwaka 1888 mahakama ya mwisho ya rufaa ya makoloni ilikuwa imekataa kumlipa mwanamke wa Victoria, Australia, aliyeshtuka pale gari lao la farasi lilipokaribia kugongwa na treni kwa uzembe wa mlinzi wa njia ya reli, ikisema kwamba mshtuko wa namna hiyo uko mbali mno na kosa lenyewe. Jaji Wright alijitenga na hukumu hiyo kwa hoja kwamba uzembe ni jambo moja na kukusudia ni jingine. Naona hapo ndipo penye uzito wa shauri lenu: mtu akikuumiza kwa kukusudia, hapati nafasi ya kulalamika kwamba hakutarajia utaumia kiasi hicho.

Kwa nini hukumu ya London inawahusu ninyi wa Langoni? Sheria ya Mahakama, Sura ya 8 ya Sheria za Kenya, inaelekeza mahakama zetu zitumie, pale ambapo Katiba na sheria zilizoandikwa hazijagusa jambo, kanuni za sheria ya Kiingereza iliyojengwa na hukumu za majaji, kwa kadiri hali ya nchi na wakazi wake inavyoruhusu, na tarehe inayotajwa humo ni Agosti 12, 1897. Kesi ya Bi Wilkinson iliamuliwa miezi mitatu kabla ya tarehe hiyo. Hukumu za Uingereza zilizofuata haziwafungi mahakimu wetu, ila husomwa kwa heshima, na zinasaidia kujua mdai anapaswa kuthibitisha nini.

Iliyo wazi zaidi ni ya Mahakama ya Juu ya Uingereza ya mwaka 2015, katika kesi ya mpiga piano James Rhodes. Mahakama hiyo ilisema kwamba mdai ana mambo matatu ya kuthibitisha. Kwanza, kuwe na maneno au vitendo vilivyoelekezwa kwake, visivyo na sababu ya haki wala udhuru unaokubalika. Pili, aliyefanya awe alikusudia kumtia angalau uchungu mkali wa moyo. Kutojali tu hakutoshi. Tatu, matokeo yawe ni madhara ya mwili au ugonjwa wa akili unaotambuliwa na madaktari. Hapo mwanzo mahakama za Uingereza zilikuwa zikimhesabia mtu kwamba amekusudia kila kitu ambacho kwa kawaida kingefuata kitendo chake, lakini hukumu hii iliondoa hesabu hiyo ya lazima na kuacha nia ithibitishwe kwa ushahidi, ingawa jaji anaweza kuitambua nia hiyo kutokana na mazingira. Kwenu sioni shida katika jambo la kwanza. La pili mna ule ujumbe wa sauti, na maneno ya mdaiwa mwenyewe yanayompinga yanakubalika mahakamani. La tatu linamtegemea daktari, nami nadhani ndilo mnalopaswa kulishughulikia leo kabla ya kesho.

Kuhusu majirani, jibu langu ni hapana. Walioipokea habari wakaamini, wakaisambaza kwa huruma, hawakukusudia kumuumiza mama. Kuwaburuta kortini kungeidhoofisha kesi yenu na kuwafanya mashahidi wenu kuwa maadui.

Kadhi naye hana mamlaka juu ya jambo hili. Kifungu cha 170 cha Katiba kinaipa Mahakama ya Kadhi masuala ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi kati ya Waislamu wanaokubali mamlaka yake. Madai ya fidia kwa madhara huenda kwa hakimu, na mahakama ya hakimu mnayo hapo hapo Lamu. Mtasikia watu wakiwashauri mwende moja kwa moja Mahakama Kuu kwa sababu Kifungu cha 28 kinalinda heshima ya mtu na Kifungu cha 29 kinakataza mateso ya mwili na ya kisaikolojia pamoja na ukatili kutoka kwa yeyote, awe serikali au raia. Ni kweli haki hizo zipo, na zinafaa kutajwa katika hati ya madai, lakini mahakama zetu zimekuwa zikisisitiza kwamba palipo na njia ya kutosha katika sheria ya kawaida, njia hiyo ifuatwe kwanza.

Mwisho kwa leo, muda. Sheria ya Ukomo wa Kufungua Mashauri, Sura ya 22, inatoa miaka 3 kwa madai ya aina hii. Ingekuwa ni kuchafuliwa jina, mngekuwa na miezi 12 pekee.

Baharia Mstaafu

Bi mdogo, nampa pole mama yako, na aliyeyatenda hayo ametenda unyama. Hata hivyo nina wasiwasi ambao nautoa kwa nia njema. Sisi watu wa mwambao tumekulia katika utani. Watu hutaniana barazani hata kwa mambo ya mauti, na kila mmoja anajua mipaka yake. Je, tukifungua mlango huu, kila aliyetaniwa akanuna atakwenda kortini kudai kwamba moyo wake umeumia? Katiba hiyo hiyo katika Kifungu cha 33 inatupa uhuru wa kusema. Tena mambo ya jirani na jirani yalikuwa yakimalizwa na wazee. Kesi huchukua miaka, na wakati wote huo watu wanapishana katika kichochoro kimoja, wanaswali msikiti mmoja, na watoto wao wanasoma chuo kimoja. Nauliza kwa dhati kama kortini ndipo mahali pa jambo hili.

Wakili wa Mwambao, Malindi

Mzee wangu, shikamoo. Wasiwasi wako ni wa haki na majaji wenyewe wameuona, ndiyo maana mlango huu umeachwa mwembamba.

Mwaka 1997 mama na mwanawe walikwenda kumtembelea ndugu gerezani Leeds, Uingereza, wakavuliwa nguo na kupekuliwa kwa namna iliyokiuka kanuni za gereza lenyewe. Waliaibika na kulia. Mwaka 2003 mahakama ya juu ya nchi hiyo ilikataa kuwalipa kwa kutiwa uchungu, kwa kuwa uchungu wa moyo peke yake, bila madhara ya mwili au ugonjwa, hautoshi, na askari hawakuwa wamekusudia kuwaumiza. Mwanawe alipata fidia kwa sababu aliguswa mwili isivyo halali, na hilo ni dai jingine. Mimi binafsi naona hukumu ile ilikuwa ngumu mno kwa yule mama, lakini inakuonyesha kwamba mtu aliyetaniwa akanuna hana kesi. Na katika shauri la Rhodes nililolitaja, aliyekuwa mke wake alitaka kuzuia kitabu ambamo Rhodes anasimulia alivyodhulumiwa utotoni, akihofia kwamba mtoto wao akikisoma ataumia. Mahakama ilikataa kukizuia: mwandishi alikuwa akisema ukweli kwa umma, alikuwa na sababu ya kuusema, na hakuwa na nia ya kumuumiza mwanawe. Uhuru wa kusema ulilindwa kikamilifu.

Huko Marekani mlango umepanuliwa kidogo. Muhtasari wa sheria uliotolewa huko mwaka 1965, ambao majimbo mengi huufuata, unakubali fidia kwa uchungu mkali wa moyo hata bila ugonjwa wa mwili, na hata pale mtu alipofanya kwa kutojali, lakini kwa sharti kwamba mwenendo wenyewe uwe umepita mipaka yote ya ustaarabu. Matusi, ubabe mdogo na mizaha mibaya ya kawaida haviingii.

Sasa pima kisa cha Langoni kwa kipimo hicho. Utani, mzee wangu, una wenyewe, na anayetaniwa hucheka au hujibu. Huyu alimwendea mjane aliyekuwa akigombana naye, akachagua wakati ambao mwanawe hapatikani kwa simu, akatunga habari yenye jina la mahali na shuka ya kufunikia maiti, kisha akaondoka bila kumwambia kwamba ni mzaha. Sidhani kama yupo mzee wa baraza yoyote ambaye angeuita huo utani.

Juu ya usuluhishi nakubaliana nawe, na Kifungu cha 159 cha Katiba kinazitaka mahakama ziuendeleze, ukiwemo wa wazee. Ninachowaomba watu ni wasidhani kwamba mazungumzo yanasimamisha muda wa kufungua kesi. Nimewaona waliozungushwa na vikao kutoka mfungo hadi mfungo, na siku waliyochoka kusubiri wakakuta mlango wa mahakama umeshafungwa.

Mwalimu wa Shela, Malindi

Naomba niingie kwa sababu yaliyonipata yanahusiana. Nilimdhamini mwenzangu kwa mkopo wa simu, au tuseme aliandika namba yangu bila kuniuliza. Alipochelewa kulipa, mtu alinipigia akijitambulisha kuwa afisa wa upelelezi, akasema kwamba jina langu limo katika jalada la utapeli na kwamba nitakuja kukamatwa darasani mbele ya wanafunzi. Alijua ninafundisha shule gani. Alipiga mara nyingi, na picha yangu ikatumwa kwa walimu wenzangu ikiwa na maneno kwamba mimi ni mwizi. Baadaye nilihakikishiwa polisi kwamba hakuna afisa wa jina hilo. Nilipoteza hamu ya chakula, nikawa natetemeka kila gari liingiapo uwanja wa shule, na daktari alinipa likizo. Je, nami nina dai kama la dada wa Lamu, au kwa kuwa ni kampuni na si jirani, njia ni nyingine?

Wakili wa Mwambao, Malindi

Mwalimu, pole. Una njia mbili, na moja inafanana na kisa cha zamani cha kusikitisha. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, mfanyakazi mmoja wa nyumbani mjini London alikuwa na mchumba Mjerumani aliyewekwa kizuizini. Mpelelezi wa kukodiwa alimwendea, akadai kwamba yeye ni afisa wa Scotland Yard, makao makuu ya polisi wa London, anayewakilisha mamlaka ya kijeshi, na kwamba msichana huyo anatakiwa kwa kuandikiana barua na jasusi wa Ujerumani. Lengo lilikuwa kumtisha ili ampatie barua za mtu mwingine. Msichana aliugua kwa mshtuko, na mwaka 1919 mahakama ya rufaa ilithibitisha kwamba alistahili pauni 250. Waliomtisha walitaka barua tu, na ugonjwa wake haukuwa na faida yoyote kwao, lakini walichagua kumtia hofu kuwa ndiyo njia ya kuzipata. Aliyejifanya afisa ili kukutisha ulipe amesimama mahali palepale, na mwajiri aliyemtuma huwajibika kwa kosa alilolitenda akiwa kazini. Kujifanya afisa wa umma, ukiachilia mbali fidia, ni jinai.

Njia ya pili ni nyepesi zaidi kwako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, katika kifungu cha 65, inampa fidia aliyedhuriwa kwa taarifa zake binafsi kutumiwa kinyume cha sheria, na inaeleza wazi kwamba madhara hayo ni pamoja na yasiyo ya fedha, ukiwemo uchungu wa moyo. Humo hulazimiki kuthibitisha kwamba umepata ugonjwa, wala kwamba walikusudia kukuumiza. Malalamiko hupelekwa kwa Kamishna wa Data, na sheria inataka yachunguzwe na kukamilishwa ndani ya siku 90. Mwaka 2023 Kamishna aliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu shilingi 2,975,000 kwa kutumia namba za watu wengine na kuwatumia vitisho. Aidha, kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zinawakataza wakopeshaji wa kidijitali kutumia vitisho au kuwasumbua watu waliomo katika orodha ya simu ya mkopaji. Kuhusu lile neno la mwizi lililosambazwa kwa walimu, hilo ni kuchafuliwa jina, na saa ya miezi 12 inakwenda.

Tabibu Mwanamke

Dada wa Langoni, mimi ni tabibu na nimekwisha kutoa ushahidi mahakamani katika kesi za ajali, kwa hiyo naongezea kuhusu lile jambo la tatu alilolitaja wakili.

Ripoti inayosema "mgonjwa ana msongo wa mawazo" haitawasaidia sana. Mahakama inataka kujua mama alikuwaje kabla, alikuwaje siku ile na yukoje sasa. Ombeni hospitalini nakala ya kumbukumbu za kulazwa zinazoonyesha vipimo vya shinikizo la damu alivyofika navyo, na mtafute kadi zake za kliniki za nyuma, ili ionekane kwamba lilikuwa limetulia. Kisha mpelekeni kwa daktari wa magonjwa ya akili. Dalili unazozieleza, kukosa usingizi, kushtuka, hofu isiyokwisha na mikono kutetemeka, zikidumu zaidi ya mwezi mmoja baada ya tukio huweza kuwa ugonjwa wenye jina na tiba, nao ni tofauti na huzuni ya kawaida ambayo kila mtu huipata. Daktari ndiye atakayesema, si mimi kwa kusoma tu. Mwombeni aandike pia kuhusu kazi: kwamba fundi wa kofia ambaye mikono haitulii hawezi kutunga uzi katika tundu la sindano, sembuse kushona nakshi ambayo kofia moja huchukua wiki nyingi kuikamilisha.

Na tafadhali, mpelekeni atibiwe, si kuchukuliwa karatasi tu. Mama yule amebeba mzigo mkubwa, naye anaweza kupata nafuu. Hata mahakama humtarajia mtu aliyeumia afanye juhudi za kupona.

Binti wa Langoni, Lamu

Nawashukuru nyote kutoka moyoni, na Mola awalipe. Mama amekubali kwenda kwa daktari, jambo ambalo mwanzoni alilikataa akisema yeye si mwendawazimu. Nina maswali matatu yaliyobaki. Upande wa pili umeanza kusema kwamba mama alikuwa mgonjwa wa shinikizo la damu tangu zamani, kwa hiyo wasilaumiwe. Je, hoja hiyo ina nguvu? La pili ni gharama za boti, kwa sababu nahodha hakutupa risiti. La tatu, wametuma wazee jana wakisema kwamba bwana huyo yuko tayari kulipa mafuta ya boti na kuomba radhi. Mama anasema hataki fedha, anataka aombe radhi mbele ya watu pale pale dakani. Ndugu yangu anataka kesi.

Wakili wa Mwambao, Malindi

Dada, hoja ya ugonjwa wa zamani haiwaokoi. Kanuni ya tangu zamani ni kwamba anayemdhuru mtu humchukua jinsi alivyomkuta, akiwa imara au dhaifu. Habari ya kifo cha mwanawe ingemwangusha hata mama mwenye afya kamili, na hilo ndilo litakalotazamwa kwanza. Ugonjwa wa awali unaweza kupunguza kiasi cha fidia pale tu itakapoonekana kwamba sehemu ya matatizo ya sasa ingekuwepo vyovyote vile, ndiyo maana zile kadi za kliniki ni muhimu.

Gharama za boti ni hasara maalumu, na mahakama zetu ni kali katika hilo: kila shilingi lazima itajwe katika hati ya madai na ithibitishwe. Kumbuka kwamba Bi Wilkinson alirudishiwa hata nauli ya treni, kwa sababu ilitumika kwa kuuamini uongo. Kama mlimlipa nahodha kwa M-Pesa, chukueni taarifa ya miamala. Kama mlimlipa taslimu, mwombeni aandike na kutia sahihi kiasi alichopokea, siku na safari, naye awe tayari kuja kutoa ushahidi. Ule ujumbe wa sauti usifutwe katika simu ulimopokelewa, na simu yenyewe itunzwe. Ili ukubalike mahakamani utahitaji cheti cha aliyeunakili, kinachoeleza ulivyopatikana na kifaa kilichotumika, kwa mujibu wa kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Yule rafiki aliyewaletea aandikishe taarifa polisi sasa, kabla hajashawishiwa abadili msimamo.

Ama radhi, mama ameona jambo ambalo mawakili husahau. Hakimu atatoa amri ya fedha, lakini kwa kawaida hatamlazimisha mtu asimame mlangoni mwa mwenzake na kukiri. Kikao cha wazee kinaweza. Kwa hiyo msikikatae, ila msiende mikono mitupu. Andikeni mapatano yanayosema kwamba atakiri mbele ya mashahidi mnaowataja kwamba habari ile ilikuwa uongo alioutunga, kwamba atalipa boti, hospitali, na matibabu yatakayoendelea hadi daktari aseme yamekwisha, na kwamba atafidia kipato cha kofia kilichopotea. Andikeni pia tarehe ya mwisho ya kulipa, na kwamba asipotimiza mna haki ya kufungua kesi kwa madai yote. Msitie sahihi karatasi yoyote yenye maneno kwamba familia haina dai lolote tena kabla fedha hazijapokelewa. Shamba lisitajwe humo kabisa, hata kwa sentensi moja, maana hilo lina mahakama yake na ushahidi wake, na sitashangaa ikiwa ndilo hasa linalotafutwa na wale waliotumwa jana. Rasimu ikiwa tayari, mpe wakili wa hapo Lamu aisome kabla ya kikao.